Kuta za Thimlich na Adhana ya Kendu

Mtu aliyelelewa Kibokoni, Mombasa, hukua akiamini anajua ngome ni kitu gani. Kwetu ngome ni kuta nene za matumbawe zinazotazama bahari, mizinga iliyoshika kutu, na jina la Yesu juu ya jengo la vita. Kule Thimlich Ohinga, Nyatike, katika kaunti ya Migori, ngome ni mawe matupu. Hakuna chokaa wala udongo kati ya jiwe na jiwe. Mawe makubwa yamepangwa nje na ndani, madogo yakashindiliwa katikati, na uzito wake wenyewe ndio unaozishika kuta zenye kimo cha kati ya mita 1.5 na 4.5. Lango ni fupi kwa makusudi. Mgeni huingia ameinama, na adui vivyo hivyo, kichwa kikitangulia, huku walinzi wa ndani wakimwona kabla yeye hajawaona.

Kijana aliyetutembeza alitupitisha kwenye maboma makubwa, Kochieng, Kakuku, Koketch na Koluoch, akatuonyesha palipokuwa mazizi ya ng'ombe na mahali palipofuliwa chuma. Juu ya mwamba mmoja kulikuwa na vishimo vilivyochongwa kwa safu. "Bao!" nikasema. "Ajua," akanijibu, akainama kunionyesha jinsi wazee walivyokuwa wakitia kete. Tulicheka wote wawili, maana mchezo ni ule ule.

Wataalamu wanakadiria kuwa Thimlich ilijengwa karne ya 16, na tangu mwaka 2018 imo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Waliopanga mawe haya walikuwa wakijikinga na wezi wa mifugo, majirani wenye uadui na wanyama wakali. Karne hiyo hiyo, mwaka 1593, Wareno walianza kujenga Ngome ya Yesu nyumbani kwetu kwa michoro ya Mwitaliano Giovanni Battista Cairati. Katika nchi ambayo leo tunaiita Kenya, ngome mbili ziliinuka ndani ya miaka mia moja. Moja ililinda ng'ombe na watoto. Nyingine ilikuwa tawi la mbali la vita vilivyoanzia Ulaya miaka mia tano kabla yake.

Nilisafiri hadi ziwani kwa sababu ya mpwa wangu. Yuko sekondari, na siku moja alinionyesha katika simu video ya mhubiri akihesabu mauaji ya Vita vya Msalaba na kuhitimisha kwamba jirani Mkristo si wa kuaminiwa hata leo. Nilipotafuta, niliona video za upande wa pili pia, wachungaji wakizitaja panga za karne zile zile kumchafua jirani Mwislamu. Mpwa wangu aliniuliza: "Mjomba, hivyo vita vilitufikia sisi?" Swali la haki. Kibokoni jibu lake ni ndiyo, nalo limesimama pale ufukweni watu wakilipia tikiti kuliona. Nilitaka kujua jibu la watu wa ziwani, ambako mahujaji wenye panga hawakufika kamwe.

Mtiririko wenyewe ni huu. Mwaka 1095 Papa Urban wa Pili alisimama Clermont, Ufaransa, akawahimiza wapiganaji wa Kikristo wakaikomboe Yerusalemu. Mwaka 1099 waliiteka na kuwachinja wakazi wake, Waislamu na Wayahudi. Mwaka 1187 Salahuddin al-Ayyubi aliirudisha. Mwaka 1291 bandari ya Akka ikaanguka, na vitabu vingi hufunga habari hapo.

Kwa watu wa pwani ya Afrika Mashariki habari ndiyo kwanza ilikuwa inaanza. Shirika la watawa wapiganaji wa Hekalu lilipovunjwa mwaka 1312, Ureno ilizihamishia mali zake katika shirika jipya lililoanzishwa mwaka 1319, Shirika la Kristo. Mwana wa mfalme, Henrique, alikabidhiwa usimamizi wake mwaka 1420, na mapato yake yakasaidia kugharimia merikebu zilizoifuata pwani ya Afrika kwenda kusini. Mwaka 1452 na tena mwaka 1455 Papa Nikolasi wa Tano alitoa hati zilizompa mfalme wa Ureno ruhusa ya kuwashambulia Waislamu na wapagani, kutwaa nchi na mali zao, na kuwatia utumwani daima. Vasco da Gama alipofika Mombasa na Malindi mwaka 1498, matanga yake yalikuwa na msalaba mwekundu wa shirika lile. Mwaka 1505 Francisco de Almeida aliipora Kilwa, akajenga ngome na kuiita Santiago, jina la mtakatifu ambaye Wareno na Wahispania walikuwa wakimlilia vitani dhidi ya Waislamu. Kisha akaja kuichoma Mombasa. Kilwa na Mombasa hazikuwa zimepeleka hata askari mmoja Yerusalemu. Zililipia deni la watu wengine. Tarehe 30 Machi 2023 Vatikani ilitangaza kuikataa rasmi ile fikra ya kwamba nchi za wasio Wakristo ni za kutwaliwa.

Katika hayo yote, mtu ninayemfikiria zaidi ni Yusuf bin Hasan. Baba yake, mtawala wa Mombasa, aliuawa mwaka 1614 baada ya kugombana na Wareno. Mtoto akapelekwa Goa, akabatizwa Dom Jerónimo Chingulia, akalelewa na watawa, akarudishwa kuwa mfalme wa mji wake mwenyewe chini ya bunduki za ngome. Agosti 1631 aliingia ngomeni na watu wake, akamuua kapteni, akarudi katika Uislamu, na Wakristo wa mji, Wareno kwa Waafrika, wakauawa. Wapo wanaomwita shujaa na wapo wanaowaita waliouawa mashahidi wa imani. Mimi naona yatima aliyelelewa na wakubwa wa wale waliomuulia baba, na wanawake na watoto waliolipa kwa damu kosa ambalo hawakulitenda. Hivyo ndivyo vita vya dini vinavyorithiwa: huchagua mtoto asiyejua lolote, vikampa upande.

Turudi Migori. Mji huu ulio njiani kwenda mpaka wa Isebania umejaa watu wa kila namna: Waluo, Wakuria, Wakisii, Wasomali wenye maduka, Watanzania waliovuka asubuhi kuuza nafaka. Siku ya Jumapili nilikuwa nimesimama kando ya barabara kuu niliposikia ngoma. Kundi la waumini wa kanisa la Roho lilikuwa linapita na bendera zake, wake kwa waume katika kanzu nyeupe, na kifuani pa kila mmoja msalaba mwekundu. Kwa mtoto wa Kibokoni, nguo ile ni picha ya kwenye kitabu cha historia, ukurasa wa Yerusalemu. Lakini wapita njia hawakugeuka hata kutazama. Wauza duka waliovaa kofia walisogeza mikokoteni yao ili bendera zipite, basi.

Msalaba wa Roho hautoki Clermont. Vuguvugu hili lilizaliwa miongoni mwa Waanglikana Waluo mwanzoni mwa karne ya 20, na kiongozi wao Alfayo Odongo Mango alichomwa ndani ya nyumba huko Musanda mwezi Januari 1934, katika ugomvi wa ardhi kati ya Waluo na Wawanga. Watu waliobaki walishona misalaba yao wakimkumbuka Yesu na wafu wao wenyewe. Huko Got Kwer, katika kaunti hii hii, waumini wa kanisa la Legio Maria hukusanyika kwa hija mahali alipozikwa mwanzilishi wao, Simeo Ondeto, mwaka 1991. Nimelitafakari sana jambo hilo. Watu wa hapa walijipatia mlima wao mtakatifu bila kumnyang'anya mtu mji wake.

Vita vyenyewe, hata hivyo, vilikuja. Havikuja na mahujaji. Vililetwa na serikali zilizojua kuitumia kumbukumbu ya kale. Septemba 1914 majeshi ya Wajerumani yalivuka mpaka wa kusini yakaingia nchi hii ya Nyanza, na tarehe 12 yakapigana na Waingereza Kisii. Miezi miwili baadaye, Novemba, jihadi ilitangazwa Istanbul kwa jina la Sultani wa Uturuki, rafiki wa Wajerumani. Kaizari Wilhelm wa Pili wa Ujerumani alikuwa ameshazuru kaburi la Salahuddin Dameski mwaka 1898 na kujitangaza kuwa rafiki wa Waislamu wote. Wajerumani wakaieneza habari ya jihadi Afrika Mashariki. Waingereza nao wakamtumia Sultani Khalifa bin Harub wa Zanzibar kuwatuliza Waislamu wasiasi. Yaani mataifa mawili ya Kikristo yalishindania Waislamu wa Kiafrika, kila moja likidai kuwa mlinzi wao, ilhali vijana wa Nyanza walikuwa wakikusanywa kwa maelfu kubeba risasi na unga katika kikosi cha wapagazi. Wapagazi wa Afrika Mashariki waliokufa ni makumi ya maelfu, wengi wao kwa kuhara, malaria na njaa. Maradhi hayo hayakumuuliza mtu dini yake.

Kutoka Migori nilipanda matatu hadi Rongo, nikabadilisha, nikapita mashamba ya miwa na kushuka hadi Homa Bay jioni. Mlima Asego unausimamia mji kama mlinzi. Nilikula samaki ngege kwa kuon, yaani ugali, na mboga, nikatembea hadi ufukweni.

Ng'ambo ya maji haya vilitokea vita vya dini vya kweli, na si hadithi ya kukopa. Mwaka 1888 Waganda waliosilimu na Waganda waliobatizwa walishirikiana kumpindua Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda, kisha Waislamu wakawafukuza Wakristo na kumtawaza Kalema. Mwanga alikimbilia kusini mwa ziwa kwa mtumbwi. Wakristo walirudi na kushinda, na Januari 1892 wakageukiana wenyewe, Wakatoliki na Waprotestanti, wakapigana Mengo, na bunduki za Kapteni Lugard wa Uingereza zikaamua mshindi. Waislamu walitoka katika vita hivyo na sehemu ndogo kabisa ya madaraka na ardhi. Eneo la Homa Bay na Migori lilihesabiwa kuwa mkoa wa mashariki wa Uganda hadi mwaka 1902, lilipohamishiwa upande wa Kenya. Maofisa waliokuja kulitawala walikuja na hofu waliyoivuna Uganda. Waliwaona Waislamu kuwa watu wa kuchungwa, na elimu wakaiachia misheni.

Hapo ndipo athari ya kudumu ilipo, na inaonekana vizuri zaidi Kendu Bay.

Kendu ni bandari ya zamani ya meli zilizotoka Kisumu baada ya reli kufika huko mwaka 1901. Waswahili, Wahindi na Wanubi walikuja na biashara na utumishi, na baadhi ya Waluo wakasilimu. Msikiti wa Tawakal, mmoja wa misikiti mikongwe ya Nyanza, uko mji wa kale, karibu na maji. Mlimani, si mbali, ni Gendia, ambako mwaka 1906 Mkanada Arthur Carscallen na mwenzake Peter Nyambo kutoka Nyasaland, yaani Malawi ya leo, walianzisha misheni ya Wasabato. Carscallen aliandika sarufi ya Dholuo, na kiwanda cha uchapaji cha misheni kingalipo. Adhuhuri nilisikia adhana ikipanda kutoka mji wa kale. Ilikuwa Jumamosi, na njia ya Gendia ilikuwa imejaa watu wa Sabato, wanaume kwa suti na watoto kwa soksi nyeupe.

Aliyetaka elimu zamani alipanda mlima ule. Shule ilikuwa ya kanisa, na mtoto wa Kiislamu aliyeingia alijua anachoombwa. Mfano anaoujua kila mtu hapa ni wa familia ya Obama. Hussein Onyango Obama, mtu wa Kendu, alisilimu baada ya kutumikia katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Mwanawe Barack alisoma Gendia kabla ya familia kuhamia Alego, na shule za misheni zikamfanya Mkristo. Nyumba moja, vizazi viwili, dini mbili. Nao hawakupigana kwa ajili hiyo. Na mjukuu alipogombea urais wa Marekani mwaka 2008, lile jina la Hussein, lililotoka katika kijiji hiki, lilitumiwa kumtisha mpiga kura wa huko kana kwamba majeshi ya Salahuddin yanakaribia Chicago. Kule ndiko vita vya kale vilikokuwa vingali hai. Kendu jina lile lilikuwa la babu wa jirani.

Mzee mmoja wa msikitini alinikaribisha barazani kwake baada ya sala. Nilimwamkia, akaniuliza habari za Mombasa, akaagiza chai. Nilipomweleza nilichofuata alitikisa kichwa polepole.

"Mwanangu, kaka yangu ni Msabato. Dada yetu aliolewa kwa Wakatoliki. Tutapigana na nani?"

Nikamuuliza kama hawajawahi kugombana.

"Tumegombana, tena sana. Tunagombana juu ya maiti."

Akanieleza. Mwislamu anapofariki, ndugu zake wa msikitini wanataka azikwe siku hiyo hiyo. Ndugu Wakristo wanataka mwili uhifadhiwe mochwari hadi watoto wafike kutoka Nairobi, mahema yasimamishwe, watu wakeshe, mkoi na binamu wote wauone uso kwa mara ya mwisho. Kwa Mluo, kuzika haraka ni kumtupa mtu. Amu yake alipofariki, ukoo ulikaa kikao kikali, wengine wakasimama na kuondoka. Mwishowe walizika alasiri ile ile kwa sanda, na baada ya wiki mbili ukoo mzima ukarudi, wakapika, Wasabato wakaimba nyimbo zao uani na mashehe wakasoma hitima sebuleni. "Kila mtu alilia kwa namna yake," alisema. "Na ng'ombe alichinjwa na mimi, ili sote tule."

Sentensi ile ya mwisho ni siasa ya hali ya juu kuliko mikataba mingi niliyoisoma. Tofauti ya dini Kendu ni kubwa na ina maumivu, lakini inahusu kaburi fulani, shule fulani, urithi wa shamba fulani. Watu wanaojuana wanaweza kukaa na kulimaliza jambo la namna hiyo. Ugomvi wa Yerusalemu ya mwaka 1099 hauna kikao. Hakuna mzee wa kuuamua wala mlalamikaji aliye hai, ndiyo maana yeyote mwenye kipaza sauti anaweza kuufufua apendavyo.

Na ukifufuliwa, wanaolipa ni sisi. Februari 1998 Osama bin Laden na wenzake walitangaza vita dhidi ya watu waliowaita Wayahudi na wapiganaji wa msalaba. Tarehe 7 Agosti mwaka huo bomu lililipuka katika ubalozi wa Marekani Nairobi. Watu 213 waliuawa, na Wamarekani miongoni mwao walikuwa 12. Wengine, karibu wote, walikuwa Wakenya: makarani, wauza magazeti, abiria wa mabasi, Wakristo na Waislamu pamoja. Siku hiyo hiyo watu 11 walikufa Dar es Salaam. Tarehe 2 Aprili 2015, katika Chuo Kikuu cha Garissa, Al-Shabaab waliwatenga wanafunzi kwa dini na kuwaua watu 148. Baadaye mwaka huo, Desemba, basi lilisimamishwa Mandera na abiria wakaamriwa wajitenge vivyo hivyo. Waislamu walikataa. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi kwa kukataa huko, akafariki mwezi uliofuata. Kwangu mimi, yeye ndiye jibu la Yusuf bin Hasan: alipewa upande, naye akaukataa.

Kuna jambo moja zaidi ambalo watu wa ziwani hawalitaji, kwa kuwa hawaoni kama ni la kujisifia. Tarehe 4 Agosti 2010 Wakenya walipigia kura katiba mpya. Makanisa mengi makubwa yaliipinga, na moja ya sababu zao ilikuwa mahakama za kadhi. Nyanza, nchi ya Wasabato, Wakatoliki, Waanglikana, Roho na Legio, iliipitisha kwa wingi mkubwa kupita karibu kila mkoa. Najua siasa ilichangia, maana Raila Odinga alikuwa kiongozi wa kambi ya Ndiyo. Hata hivyo waumini walisikia mimbarini kwamba kadhi ni hatari, wakatoka nje, wakampigia kadhi kura. Mzee wa Kendu alinikumbusha hilo akicheka: "Kaka yangu Msabato alinipigia kura mimi."

Nimerudi kwa mpwa wangu na jibu. Vita vile vilitufikia. Vilifika pwani kwa mizinga, vikafika ziwani kwa hofu ya watawala na kwa mlango wa shule, na sasa vinafika kwa simu. Mara zote vililetwa na mtu aliyevihitaji kwa kazi yake.

Kwa hiyo nawaomba wahubiri wa pande zote mbili, mashehe na wachungaji wenye kamera na vipaza sauti. Mkitaja mwaka 1099 mbele ya watoto wetu, tajeni pia tarehe 7 Agosti 1998, na muwaambie watoto hao waliokufa walikuwa kina nani.